Kulika, Kuliwa na Kubabuka: Maelezo juu ya Lugha ya Ukaguzi wa Slivu za Injini

Nkoaranga iko katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, mashariki ya mji wa Arusha, juu ya barabara kuu iendayo Moshi. Wenyeji wake wengi ni Wameru, ambao lugha yao ya nyumbani ni ya jamii moja na Kichaga cha Machame. Ni nchi ya migomba na kahawa karibu na nyumba, na mahindi katika mashamba ya chini. Kiswahili huko ndiyo lugha ya shule, ya hospitali, ya soko na ya gereji. Mkulima na fundi waweza kusalimiana kwa Kimeru, lakini mara injini inapofunguliwa mazungumzo hugeuka kuwa ya Kiswahili, kwa sababu majina ya vyombo hivyo yote yalifika pamoja na vyombo vyenyewe, na yalifika kwa Kiswahili.

Katika nchi kama hiyo injini ya dizeli si kitu cha anasa. Mahindi yasiposagwa hapana ugali, na mahali ambapo umeme haukufika, au ulifika ukawa wa kukatikakatika, mashine ya kusaga hutegemea injini. Injini ikipungua nguvu, kaya nyingi huathirika, na mwenye mashine hutakiwa kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Uamuzi wa kiasi cha fedha hizo, na kama zitaokoa injini au zitapotea bure, hutegemea sana ukaguzi wa sehemu moja, yaani ukuta wa ndani wa silinda. Matokeo ya ukaguzi huo hufikishwa kwa mwenye mali kwa maneno tu. Makala hii yakusudia kueleza ukaguzi huo jinsi unavyofanyika, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vyenye kutenga aina za uharibifu kwa usahihi kuliko majina yanayowekwa mahali pake.

I. Chombo chenyewe na majina yake

Silinda ni tundu la mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini nyingi za dizeli tundu hilo halichongwi moja kwa moja katika bloku, bali hutiwa ndani yake bomba fupi la chuma cha kusubu, ambalo laweza kutolewa na kubadilishwa likiharibika. Bomba hilo mafundi huliita slivu, na wengine huliita laina. Slivu ikiguswa na maji ya kupoza injini kwa upande wake wa nje huitwa slivu ya maji; ikikazwa ndani ya bloku pasipo kuguswa na maji huitwa slivu kavu.

Maneno hayo mawili yote yametoka katika Kiingereza, na yote mawili yametoka kwa mshona nguo. La kwanza ni jina la mkono wa vazi, na la pili ni la kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa vazi. Kwa kitambaa hicho Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, bitana, lililotoka katika Kiarabu. Kwa hiyo anayetafuta istilahi aweza kuona kwamba bitana ya silinda lingefaa sana, na kwa hakika picha iliyomo ni ile ile. Walakini majina ya vyombo si mahali ambapo lugha ya gereji inapungukiwa. Slivu, pistoni, ringi, gasketi, nozeli, bolti na nati yanafahamika Arusha, Mombasa na Kampala, na hapana fundi anayeyachanganya. Bomba lilitoka kwa Wareno na gari likatoka India, na hakuna leo anayeyaona kuwa wageni. Jina la kukopa halidhuru kitu maadamu linataja kitu kimoja na kila mtu anakijua.

Shida iko kwingine. Iko katika neno linaloeleza lililokipata chombo.

II. Jinsi ukaguzi unavyofanyika

Yafaa kwanza kufahamu kazi inayofanywa na ukuta wa silinda. Chukua mfano wa injini ya Lister ya nguvu ya farasi 6, ambayo ilitengenezwa Dursley, Uingereza, na baadaye nakala zake zikatengenezwa India. Injini hii ilitumika sana kuendesha mashine za kusaga na pampu za maji katika Afrika ya Mashariki. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 114.3, na mwendo wa pistoni toka chini hadi juu ni milimita 139.7. Huzunguka mara 650 kwa dakika, mwendo ambao kwa injini huhesabiwa kuwa wa polepole. Hata hivyo, katika saa moja ringi zake hufika juu na kusimama mara 39,000, na huwa zimesugua ukuta kwa masafa ya karibu kilometa 11. Kinachotenga chuma na chuma katika safari hiyo yote ni utando mwembamba wa oili.

Utando huo hauna unene mmoja kila mahali. Pistoni ikiwa katikati ya mwendo wake huenda kasi, na kasi hiyo husaidia oili kubaki kati ya ringi na ukuta. Ifikapo juu kabisa husimama kwa nukta ndogo kabla ya kugeuka. Hapo ndipo joto ni kali kupita pengine pote, na hapo ndipo nguvu ya moto wa mafuta husukuma ringi ya kwanza dhidi ya ukuta. Basi oili hupungua hapo, na chuma hupungua hapo. Sehemu iliyo juu zaidi, ambayo ringi haifiki, hubaki na kipenyo chake cha mwanzo. Kwa hiyo slivu iliyotumika muda mrefu huwa na ukingo karibu na mdomo wake, na jambo la kwanza afanyalo mkaguzi, baada ya kuondoa masizi, ni kupitisha ukucha toka chini kwenda juu ili ausikie ukingo huo.

Jambo la pili ni kutazama. Slivu mpya haing'ari kama kioo. Ukuta wake umechorwa mistari myembamba inayokatana, na mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Mkaguzi huweka taa upande mmoja na jicho upande mwingine, akauliza: mistari ingalipo? Kama imefutika, imefutika pande zote au upande mmoja? Pana mistari ya wima ambayo haikuchorwa na kiwanda? Na ukucha ukipitishwa juu ya mistari hiyo, wakwama au wapita?

Jambo la tatu ni kupima. Kipenyo hupimwa mahali patatu, juu, katikati na chini. Na kila mahali hupimwa mara mbili, kwa kufuata mhimili wa krenki na kwa kuukata. Sababu ya vipimo vya pande mbili ni kwamba mkono wa pistoni hauko wima wakati moto unapousukuma chini. Umeinama, na hivyo huisukuma pistoni ubavuni. Ubavu ule hupungua kuliko mwingine, na tundu lililokuwa mviringo huwa duaradufu, au kama wasemavyo watu, huwa yai. Tena, kwa sababu juu hupungua kuliko chini, tundu hupata umbo la pia iliyogeuzwa. Yai na pia ni makosa mawili, nayo hupatikana kwa hesabu mbili tofauti: la kwanza kwa kulinganisha pande mbili za mahali pamoja, la pili kwa kulinganisha mahali pa juu na pa chini.

Fundi wa kijijini asiye na kipimo cha kipenyo cha ndani hufanya jambo hilo kwa njia nyingine. Hutwaa ringi mpya, akaiingiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akapima nafasi iliyo kati ya ncha zake mbili kwa visahani vya fila geji. Hufanya hivyo chini, mahali ambapo slivu haikupungua sana, na hufanya hivyo tena juu, chini kidogo ya ukingo. Tofauti ya nafasi hizo mbili ikigawanywa kwa 3.14 hutoa tofauti ya vipenyo. Kama nafasi ya chini ni milimita 0.50 na ya juu ni milimita 1.70, tofauti ni 1.20, na slivu imepanuka juu kwa karibu milimita 0.38 kuliko chini. Njia hii haionyeshi yai, kwa maana ringi huzunguka tundu lote, lakini huonyesha pia, na haihitaji chombo cha bei kubwa.

Kwa slivu ya maji lipo jambo la nne, ambalo husahauliwa. Slivu hutolewa, ikasafishwa, na kutazamwa upande wa nje. Uharibifu wa nje huweza kuwa mbaya kuliko wa ndani, na hauonekani kabisa na mtu anayechungulia tundu toka juu.

III. Vitenzi vya uharibifu

Ukaguzi ukiisha, mwenye mashine huuliza:

“Fundi, kuna nini?”

Na jibu la kawaida ni hili:

“Slivu imekwisha, mzee.”

Jibu hilo si uongo. Lakini kitenzi -isha hakisemi ila kwamba kitu kimefika mwisho wake. Vivyo hivyo husemwa kwamba ringi zimekufa au injini imenoki. Mzee hununua slivu mpya, pistoni na ringi, na injini huwaka. Ikiwa slivu ya kwanza iliharibiwa na vumbi lililopita katika chujio la hewa lililopasuka, na chujio hilo halikuguswa, slivu ya pili itafuata njia ya ile ya kwanza, tena upesi. Mahali pa udongo wa volkano, ambapo wakati wa kiangazi vumbi laini huinuka kwa kila gari lipitalo, hasara hiyo si ya kufikirika tu. Mzee alilipia jibu la swali moja, kwamba kitu kimeharibika, wala hakupata jibu la swali la pili, kwamba kimeharibiwa na nini.

Na jibu hilo la pili limo katika lugha ile ile. Vitenzi vifuatavyo ni vya kila siku. Hapana hata kimoja kilichobuniwa kwa ajili ya injini.

Kulika. Ni kupungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa, kama kisu kinavyolika kwa kunolewa na ngazi ya jiwe inavyolika kwa nyayo. Slivu iliyolika ina ukingo juu, ina umbo la pia, na ukuta wake ni laini usio na majeraha. Hii ndiyo hali ya uzee wa haki. Dawa yake ni kuchonga tundu lipate kipenyo kikubwa zaidi na kutia pistoni na ringi za kipimo hicho, au kubadilisha slivu.

Kukwaruzwa. Ni kupata mistari ya wima kwa kupitiwa na kitu kigumu chenye ncha. Mikwaruzo mingi midogo iliyoenea duara nzima huonyesha vumbi. Mkwaruzo mmoja mpana, wenye kina, upande mmoja tu, huonyesha ringi iliyovunjika au klipu ya pini ya pistoni iliyochomoka. Ukucha usipokwama, mara nyingi ukuta waweza kusuguliwa upya. Ukikwama, slivu huchongwa au kutupwa.

Kubabuka. Mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto ngozi yake hubabuka. Ukuta wa silinda nao hubabuka pale utando wa oili unapotoweka na chuma kikagusa chuma kwa joto kali. Vipande vidogo vya uso hushikana na pistoni au ringi kisha hung'olewa. Alama zake ni mabaka ya kukwaruka yenye rangi tofauti, na kwa kawaida pistoni huwa na mabaka kama hayo mahali panapoelekeana nayo. Chanzo hutafutwa katika maji ya kupoza yaliyopungua, oili iliyokwisha, au nozeli inayotiririsha mafuta badala ya kuyanyunyiza, hata yakaosha oili ukutani.

Kung'ara. Katika maisha ya kila siku kung'ara ni sifa njema. Katika silinda ni ugonjwa. Injini inayoachwa muda mrefu ikizunguka pasipo mzigo, au yenye kazi ndogo kuliko nguvu yake, husugua mistari ya kushika oili mpaka ukuta ukawa kama kioo. Huenda kipenyo hakijabadilika kitu, lakini injini inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Hapa kununua slivu mpya ni kupoteza fedha, maana yatosha kuchora mistari upya na kutia ringi mpya.

Kuliwa na kutu au tindikali. Salfa iliyomo katika dizeli ikiungua na kuchanganyika na unyevu hufanya tindikali. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno huiruhusu tindikali hiyo itue ukutani. Alama zake ni madoa na vishimo vidogo sehemu ya juu. Injini iliyolala bila kazi miezi mingi nayo huweza kuliwa na kutu mahali ringi zilipokaa.

Kubunguliwa. Mkulima wa mahindi anakijua kitenzi hiki kuliko mwanachuo: ni kazi ya mdudu anayetoboa punje au mti na kuacha matundu. Upande wa nje wa slivu ya maji hupatwa na jambo linalofanana sana na hilo. Pistoni inapogonga ubavu wa slivu, slivu hutetemeka, na katika maji yanayoigusa huzuka mapovu madogo yanayopasuka papo hapo kwa nguvu kubwa. Pigo moja halifanyi kitu. Mamilioni huchimba matundu membamba yenye kina, hasa ubavu ule ule unaosukumwa na pistoni, mpaka maji hupenya ndani. Injini zinazopozwa kwa maji matupu, yasiyotiwa dawa inayotajwa na kiwanda, zimo katika hatari hiyo zaidi. Hiki ni kitenzi kinachofaa kukubaliwa katika istilahi, kwa sababu chaeleza umbo la jeraha kwa neno ambalo mwenye mashine alilizoea tangu utotoni.

Kupasuka. Ni kupata ufa. Hutokea hasa kwenye shingo ya juu ya slivu, pale inapokaliwa na bloku, kwa sababu ya kukazwa vibaya au kuachwa taka chini yake. Slivu yenye ufa haina tiba.

IV. Kutendeka na kutendwa

Baada ya kuviona vitenzi hivyo yafaa kuitazama sarufi yake, maana ndimo yalimo maarifa yaliyokusudiwa. Linganisha sentensi hizi:

(1) Slivu imelika.
(2) Slivu imeliwa na vumbi.
(3) *Slivu imelika na vumbi.

Ya kwanza na ya pili ni Kiswahili. Ya tatu siyo. Kauli ya kutendeka hutaja hali iliyokipata kitu, wala haina nafasi ya mtenda. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, aliieleza kauli hii kuwa ni ya hali isiyoangalia mtenda. Kauli ya kutendwa, kinyume chake, humpa mtenda nafasi kwa kiunganishi na, na hata asipotajwa msikilizaji hujua kwamba yupo na aweza kuuliza: na nini? Anayetaka kutaja chanzo huku akibaki katika kutendeka hutumia kwa: imelika kwa vumbi. Hapo vumbi huwa sababu tu, si mtenda.

Tofauti hiyo, ambayo vitabu vya sarufi huieleza kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika, katika gereji ina thamani ya fedha. Fundi anaposema imelika asema kwamba umri wa slivu umefika, na hakuna wa kutafutwa. Anaposema imeliwa asema kwamba yupo mlaji, na mlaji huyo yungali ndani ya injini mpaka aonekane. Vivyo hivyo imekwaruzika ni habari, na imekwaruzwa ni mashtaka.

Tena kuna tofauti ya pili. Kubabua, kuchubua, kuambua na kubandua vina kiambishi kile cha -u-, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu hutaja kutengua au kutenga kitu na mahali pake. Sura zake za kutendeka ni kubabuka, kuchubuka, kuambuka na kubanduka. Kiambishi hicho hakimo katika kulika. Kwa hiyo Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo fundi anahitaji kuyatenga: kupungua kwa kitu polepole kwa punje zisizoonekana, na kutoka kwa uso wa kitu kama ngozi, kwa tukio moja la ghafla. Slivu iliyolika haikupatwa na ajali. Slivu iliyobabuka ilipatwa na ajali, na yafaa kuulizwa ni siku gani injini ilichemsha.

Hapana budi pia kuangalia njeo. Nyama hii hulika ni kusema kwamba yafaa kuliwa. Slivu imelika ni kusema kwamba imekwisha kupungua. Uwezekano na hali iliyotimia hukaa katika kiambishi kimoja cha kutendeka, na kinachovitenga ni hu- na -me-. Mtunga istilahi anayeandika kitenzi katika hali ya kutaja tu, kulika, huacha nje sehemu hiyo ya maana.

V. Majina na yanayopotea

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930. Mwaka 1964 kazi yake iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuja kutoa, mwaka 1981, Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Katika kazi kama hiyo desturi ni kupanga orodha: jina la kigeni upande mmoja, jina la Kiswahili upande wa pili. Kwa vyombo, na kwa dhana nyingi za sayansi, desturi hiyo yafaa.

Kwa uharibifu haifai vizuri. Orodha hudai nomino, na nomino inayopatikana upesi ni uchakavu au uharibifu. Kuchakaa ni kitenzi kisichohitaji mtenda, na nomino yake hurithi ukimya huo. Fomu ya ukaguzi yenye mstari mmoja ulioandikwa “Uchakavu wa slivu” huweza kujazwa “mkubwa” katika kila hali iliyoelezwa hapo juu: ya uzee, ya vumbi, ya joto, ya tindikali na ya mapovu. Ikijazwa hivyo, fomu itakuwa imesema kwa maandishi rasmi neno lile lile alilosema fundi kwa mdomo, kwamba imekwisha. Tofauti ni kwamba fundi akiulizwa aweza kuongeza, ilhali karatasi haiwezi.

Huenda ikasemwa kwamba nomino nyingine zipo: mkwaruzo, mchubuko, ufa, tundu, doa. Ni kweli, nazo zafaa kutumika. Lakini hizo ni majina ya alama inayoonekana, si ya jambo lililotokea. Mkwaruzo haumtaji aliyekwaruza. Hukumu ya mkaguzi ni sentensi, nayo yahitaji kitenzi chenye kauli yake, na pale inapowezekana, mtenda wake.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba msamiati wa ukaguzi wa vyombo, katika vitabu vya mafunzo na katika fomu, uwekwe kwa sentensi fupi badala ya nomino peke yake, kama ifuatavyo:

Slivu imelika — imepungua kwa kazi ya muda mrefu, ina ukingo, haina majeraha. Pima, kisha chonga au badilisha.

Slivu imekwaruzwa na … — ina mistari ya wima. Taja: vumbi, kipande cha ringi, klipu. Usifunge injini kabla ya kukipata kilichokwaruza.

Slivu imebabuka — uso umetoka kwa mabaka. Tazama pistoni, oili, maji na nozeli.

Slivu imeng'ara — mistari imefutika, kipenyo ni kizuri. Chora mistari upya, usibadilishe.

Slivu imeliwa na … — ina madoa na vishimo vya ndani. Taja: kutu au tindikali. Tazama joto la kazi na mafuta.

Slivu imebunguliwa — ina matundu upande wa maji. Badilisha, na rekebisha maji ya kupoza.

Slivu imepasuka — ina ufa. Tupa, safisha makalio yake kabla ya kutia mpya.

Nafasi iliyoachwa wazi baada ya na ndiyo faida kubwa ya mpango huu. Fomu yenye neno imekwaruzwa na likifuatiwa na mstari mtupu humlazimisha mkaguzi ama aujaze, ama akubali mbele ya mwenye mali kwamba bado hajamaliza kukagua. Katika wilaya ambayo mwenye mashine, fundi na karani wanaweza kuwa na lugha za nyumbani tofauti, lakini wote husoma Kiswahili, karatasi ya namna hiyo inaeleweka kwa wote watatu bila mkalimani.

Liko jambo moja la kuongeza kwa wale wanaokusanya maneno. Gereji na mashine za kusaga ni mahali ambapo watafiti wa lugha hawajapita sana, na mara wapitapo huandika majina ya kukopa, kwa sababu hayo ndiyo yanayoshangaza sikio. Slivu, ringi na pistoni hujaza daftari upesi. Vitenzi vilivyosemwa katika sentensi zile zile huachwa, kwa kuwa vyadhaniwa kuwa vinajulikana. Anayekwenda Nkoaranga au kwingineko kwa kazi hiyo yafaa aandike sentensi nzima, pamoja na kauli ya kitenzi chake, na aulize kila mara kama fundi alisema imelika au imeliwa.